Kilichomo Ndani ya MP4: Kuyaelewa Mafaili ya Sauti na Video

Malalamiko yanayotufikia mara kwa mara sisi tunaotunza kumbukumbu za sauti na video hapa Dar es Salaam yanafanana: mtu amekabidhiwa flashi yenye video ya harusi, ameichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, na televisheni ama inatoa picha bila sauti, ama inakataa kabisa kuifungua, ilhali faili hilohilo linacheza vizuri kwenye simu. Wengi huilaumu flashi, au hudhani imeingiwa na virusi, lakini mara nyingi chanzo ni muundo wa faili lenyewe.

Herufi zinazofuata nukta katika jina la faili la video, kama vile MP4, MKV, AVI au MOV, hutaja kontena tu, na kama ilivyo kwa makontena yanayoshushwa bandarini, umbo la nje halielezi mzigo uliomo. Ndani yake hukaa picha na sauti, kila kimoja kikiwa kimebanwa kwa kanuni yake maalumu iitwayo kodeki. Ndiyo maana mafaili mawili ya MP4 yanaweza kutofautiana kabisa: moja lina picha za H.264, kodeki iliyotoka mwaka 2003 na inayosomwa na karibu kila kifaa, na jingine lina picha za H.265 ya mwaka 2013, ambayo huhifadhi ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya ukubwa, lakini televisheni nyingi za zamani haziifahamu. Kubadilisha jina la faili kutoka AVI kuwa MP4, jambo ambalo bado tunaliona likifanywa, hakubadilishi chochote kilichomo. Kinachohitajika ni kuligeuza faili kwa programu, au kulifungulia kwenye kompyuta yenye VLC, programu ya bure inayosoma kodeki nyingi.

Lipo pia tatizo linalochanganywa na hili. Flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo mmojawapo wa kupanga mafaili ndani ya flashi, haipokei faili moja linalofikia GB 4, hata ikiwa na nafasi tele, na video ya saa mbili ya ubora mzuri huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Mfumo wa exFAT hauna kikwazo hicho, ila hakikisha kwanza kwamba televisheni yako inausoma, na uhamishe vilivyomo kwenye flashi kabla ya kuipanga upya, kwa sababu kazi hiyo hufuta kila kitu.

Kwa upande wa sauti, suala kubwa ni kile kinachotupwa. Saa moja ya sauti ya WAV, ambayo kwa kawaida haibanwi, yenye ubora wa CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde katika njia mbili, huchukua takriban MB 635, wakati MP3 ya kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban MB 58. Tofauti hiyo hupatikana kwa kuondoa sauti ambazo sikio haliwezi kuzipambanua kwa urahisi, hasa zile zinazofunikwa na nyingine zenye nguvu zaidi, na kilichoondolewa hakirudi. Anayeigeuza MP3 kuwa WAV anapata faili kubwa zaidi lenye ubora uleule pungufu. FLAC nayo hubana bila kutupa chochote, mara nyingi hadi karibu nusu ya WAV, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa anayehamisha kanda za zamani za taarabu, mawaidha au hotuba. MP3 inatosha kwa kusikiliza ndani ya daladala na kwa kuokoa bando.

WhatsApp nayo huibana upya video inayotumwa kwa njia ya kawaida. Anayetaka kufikisha faili kama lilivyo alitume kama hati. Na unapoelewana na mpiga video kuhusu malipo, mwombe nakala mbili: faili la asili kama lilivyotoka kwenye uhariri, na MP4 yenye picha za H.264 na sauti ya AAC, kodeki ya sauti inayosomwa na vifaa vingi, kwa ajili ya televisheni.