Piano iliyoandaliwa ni ipi hasa

Mpiga piano wa Italia akitoa sauti isiyozoeleka tu, anayemwandikia sifa hukimbilia kusema kwamba "anatumia piano iliyoandaliwa". Mara nyingi hatumii. Piano iliyoandaliwa, ambayo Waitalia huiita pianoforte preparato, ni piano ya kawaida iliyochomekwa vitu katikati ya nyuzi zake kabla muziki haujaanza, kila kitu mahali palipopimwa, na vitu hivyo hukaa humo mpaka kipande kiishe. Anayepiga anabonyeza vibonye kama siku zote.

Mwanzilishi wake ni mtunzi Mmarekani, John Cage. Mwaka 1940, katika shule ya Cornish mjini Seattle, alitakiwa kumtungia mcheza dansi Syvilla Fort muziki wa dansi. Alitaka kundi la vyombo vya kugonga, lakini ukumbi ulikuwa mdogo na kilichokuwepo ni piano tu. Akaweka sahani ya kuokea juu ya nyuzi, ikarukaruka. Akajaribu msumari, ukateleza. Skrubu ndiyo iliyokaa, kwa kuwa meno yake yanaung'ata uzi. Kwa hiyo sharti la kukaa lilikuwemo tangu mwanzo. Kitu kinachorukaruka hakikufaa hata kwa mwenyewe.

Noti nyingi za piano zina nyuzi tatu sambamba zenye sauti moja. Za chini zina mbili, za chini kabisa mmoja. Skrubu hukaa kati ya nyuzi mbili. Ikiwa nusu au theluthi ya urefu wa uzi, noti hutoka safi na ya juu, kama kengele. Isogeze kidogo tu na noti inageuka kuwa mlio wa upatu usio na jina kwenye skeli yoyote. Mpira huua mwangwi na kuacha kishindo kifupi. Nati iliyolegea kwenye skrubu hucheza kama njuga.

Kwenye piano ya kulala, pedali ya kushoto husogeza nyundo pembeni zikaukosa uzi wa kwanza. Skrubu ikiwa kati ya uzi wa pili na wa tatu, bila pedali utasikia noti ya kawaida imechanganyika na mlio mpya. Ukikanyaga, unabaki mlio mpya peke yake. Piano ya kusimama haina jambo hili, maana pedali yake husogeza nyundo karibu na nyuzi, si pembeni.

Katika Sonatas and Interludes (1946–48), mkusanyiko wa vipande vya piano iliyoandaliwa, Cage aliandaa noti 45, nyingi kwa skrubu na bolti, zikiwemo pia vipande vya mpira, plastiki na raba moja ya kufutia. Kuziandaa huchukua saa mbili au tatu. Jedwali lake linatoa umbali kwa inchi kutoka kwenye vizima-sauti (vipande vinavyogusa nyuzi na kuzinyamazisha), na hapo ndipo wengi hukwama: piano yenye urefu tofauti ina nyuzi za urefu tofauti, inchi zilezile zinaangukia sehemu nyingine ya uzi, na mlio si ule. Vipimo vinakuelekeza, sikio ndilo linalomalizia.

Kuchomeka kuna utaratibu. Kanyaga pedali ya kulia ili vizima-sauti vinyanyuke, tenganisha nyuzi kwa kabari ya mbao, ingiza skrubu, kisha achia taratibu. Kuitoa ni vivyo hivyo, la sivyo utapinda kizima-sauti. Skrubu nyembamba mno hudondoka kwenye ubao wa sauti na kunguruma huko hadi ivuliwe. Nene mno husukuma nyuzi, noti ikapoteza sauti yake hata baada ya kuitoa. Nyuzi nzito za chini zimezungushiwa shaba, na chuma huikwangua. Huko weka mpira au kitambaa.

Sasa turudi Italia. Mwaka 1959 Cage alishiriki shindano la televisheni Lascia o raddoppia?, akajibu maswali ya uyoga na kushinda lira milioni 5. Humo alipiga kipande chake Water Walk, ambamo samaki wa kuchezea anawekwa juu ya nyuzi za piano katikati ya onyesho. Hata huyo samaki, ingawa mwenye kumweka ni Cage mwenyewe, hafanyi piano iwe imeandaliwa: ni tukio ndani ya muziki. Kupapasa nyuzi kwa mkono nako ni jambo jingine, na mtunzi Mmarekani Henry Cowell alikuwa akilifanya miaka ya 1920. Pini zinazochomekwa kwenye nyundo hubadilisha nyundo, si nyuzi, na huchakaza sufu yake.

Anayeonewa zaidi ni Franco Battiato, mwimbaji na mtunzi kutoka Sicilia. Kipande chake cha piano, L'Egitto prima delle sabbie cha 1978, hutajwa kuwa cha piano iliyoandaliwa kwa sababu tu ni kigumu kusikiliza. Piano ya humo, iliyopigwa na Antonio Ballista, haina kitu ndani. Mpangilio mmoja wa noti unarudiwa, unaachwa ufifie, unarudiwa tena, kwa takriban dakika 14. Jaribio liko kwenye ukimya na mwangwi, na skrubu moja tu ingeuharibu huo mwangwi. Ukiandika juu ya kipande hicho, "piano" inatosha.