Zana ya kupakua makala za utafiti kwa wakala wa akili unde: maana yake, na maelezo yake yaandikweje

Wakala wa akili unde, yaani programu inayofanya kazi kwa niaba ya mtumiaji, hapakui kitu mwenyewe. Modeli ya lugha iliyo ndani yake hutoa maandishi tu. Ikihitaji makala, huandika jina la zana na vigezo vyake, yaani taarifa ambazo zana inazihitaji, kisha programu nyingine ndiyo inayoingia mtandaoni, kuchukua faili na kurudisha jibu. Programu hiyo ndiyo zana ya kupakua. Msimbo wake modeli haiuoni. Inachosoma ni maelezo yaliyoandikwa na mtengenezaji: jina la zana, kazi yake, vigezo inavyotaka na majibu inayotoa. Maelezo yakiwa na kasoro, wakala atakosea hata kama msimbo ni safi.

Tuseme mwanafunzi wa Mtwara anaandika ripoti kuhusu ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia maua ya mikorosho na ambao wakulima huudhibiti kwa kupuliza salfa. Anamwagiza wakala amletee makala tano. Kwanza lazima kutafuta, na kutafuta ni kazi tofauti na kupakua, hivyo ziwe zana mbili. Maelezo ya zana ya kutafuta yataje hazina inazozisoma. arXiv, iliyoanza 1991, imejaa fizikia, hisabati na kompyuta. Kuitafutia mikorosho ni kupoteza muda. Europe PMC, hazina ya makala za sayansi ya viumbe, inafaa zaidi. Yaseme pia kwamba majina ya kisayansi hubadilika: makala za zamani humwita kuvu wa ubwiriunga Oidium anacardii, za karibuni zipo zinazomwita Erysiphe quercicola. Anayetafuta kwa jina moja atakosa nusu ya habari.

Zana ya kupakua yenyewe ipokee DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala kinachoanza na 10. na tarakimu kadhaa, kisha mkwaju na sehemu ya mchapishaji. Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Modeli inaweza kubuni DOI yenye umbo sahihi kabisa, lakini isiyokuwepo au ya makala nyingine. Kwa hiyo zana idai vigezo viwili, DOI na kichwa cha makala, iulize Crossref, shirika linalosajili DOI, kichwa kilichosajiliwa, na vikitofautiana ikatae. Baada ya hapo iulize Unpaywall, huduma inayoorodhesha makala za bure, kama ipo nakala halali ya bure. Unpaywall inataka barua pepe katika kila ombi. Asiyeiweka hapewi jibu la maana, na wengi husahau.

Faili likifika, lisiaminiwe kwa jina lake. Seva nyingi hujibu 200, yaani kila kitu sawa, huku zikituma ukurasa wa kuingiza nywila. Zana isiyochunguza huuhifadhi ukurasa huo kwa jina la .pdf, na wakala anaendelea kama mwenye makala mkononi. Dawa ni rahisi: PDF halisi huanza na herufi %PDF na karibu na mwisho huwa na %%EOF. Mwanzo ukikosekana, si PDF. Mwisho ukikosekana, huenda mtandao ulikatika njiani, jambo ambalo aliye Liwale au Nanyumbu halimshangazi. Zana iendelee kutoka pale ilipokatikia, seva ikiruhusu, badala ya kuanza upya na kula bando mara mbili. Kikomo cha ukubwa, tuseme MB 20 kwa faili, kiwe kigezo ambacho mtumiaji anaweza kukibadilisha.

Makosa yaandikwe kwa sentensi inayoelekeza hatua. Neno “imeshindikana” peke yake humfanya wakala ajaribu tena na tena. Seva ikijibu kwa namba ya kosa 404: makala haipo kwenye kiungo hiki, usirudie. Kwa 429: umeomba kwa kasi, subiri muda uliotajwa na seva. arXiv, kwa mfano, inataka programu zipumzike sekunde 3 kati ya maombi. Kwa 403: umezuiwa, mwambie mtumiaji, usitafute njia ya kuzunguka. Hili la mwisho liandikwe waziwazi, maana wakala mwenye bidii atajaribu viungo vingine, na leseni nyingi za majarida haziruhusu programu kupakua kwa wingi hata pale chuo kimelipia. Mchapishaji akiligundua hufungia anwani ya chuo kizima.

Kuna kosa moja lisilo na namba. Ripoti za zamani zilizoskaniwa ni picha tupu: faili ni zima, kurasa zote zipo, lakini maandishi yakitolewa hayatoki. Wakala akipokea utupu bila onyo anaweza kujaza kwa kubahatisha, na jedwali la vipimo vya salfa likitungwa hivyo ni hatari shambani. Basi jibu la zana, pamoja na njia ya faili, kichwa, mwaka na leseni, litaje idadi ya kurasa na idadi ya herufi zilizosomeka. Kurasa 12 zenye herufi 0 zirudishwe kwa mtumiaji azisome kwa macho yake.