Kombe la Reli la Ireland: yanayosemwa kuhusu halingi ya majimbo, na ukweli wake

Fainali ya Kombe la Reli, mashindano ya halingi (mchezo wa Kiireland wa fimbo na mpira mdogo) kati ya majimbo manne ya Ireland, ilichezwa Abu Dhabi Novemba 2009, jimbo la Leinster dhidi ya jimbo la Connacht. Kwa wengi walioko Ghuba, mchezo huo ulikuwa mgeni kabisa, na maneno mengi yasiyo sahihi bado yanazunguka kuuhusu.

Dhana: Halingi ni mpira wa magongo kwa jina lingine.
Hapana. Mchezaji wa halingi anaruhusiwa kuudaka mpira kwa mkono, kukimbia nao ukiwa juu ya ubapa wa fimbo, na kuupiga ukiwa bado hewani. Goli lina umbo la H. Mpira ukiingia chini ya mwamba ni bao, lenye thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake kati ya nguzo ni pointi moja. Kila upande una wachezaji 15.

Dhana: Ni bonanza la kujifurahisha, halina historia.
Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mashindano haya yalianza 1927 kwa jina la Kombe la Reli, kwa sababu kampuni za reli ndizo zilizotoa makombe, moja la halingi na jingine la kandanda ya Kiireland. Kwa miongo mingi fainali zilichezwa uwanja wa Croke Park, Dublin, tarehe 17 Machi, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Mwaka 1954 walijitokeza watazamaji 49,023. Christy Ring, mchezaji wa kaunti ya Cork ambaye wengi humhesabu kuwa fundi mkubwa kuliko wote, alitwaa kombe hili la halingi mara 18 akiwa na jimbo la Munster, kati ya 1942 na 1963. Mtu wa aina yake hatoki jasho miaka yote hiyo kwa ajili ya bonanza.

Ni kweli kwamba umati ulipungua baadaye. Televisheni ilichangia, na fainali za klabu bingwa zikaja kuichukua ile sikukuu ya Machi. Lakini kupungua kwa watazamaji hakufuti uzito wa kombe.

Dhana: Tangu 2009 kaunti ya Galway ni watu wa Leinster.
Mkanganyiko huu unaeleweka. Ubingwa wa Ireland nzima hugombewa na kaunti, nazo huanzia kwenye mashindano ya jimbo lao. Galway iko Connacht, ila kaunti jirani zake hazina nguvu katika halingi, hivyo ilikuwa ikikosa mechi za maana. Mwaka 2009 ikaruhusiwa kuingia kwenye mashindano ya Leinster, pamoja na Antrim kutoka Ulster. Ruhusa hiyo ilihusu ubingwa wa kaunti peke yake. Timu ya jimbo ilipoteuliwa, vijana wa Galway walivaa jezi ya Connacht kama kawaida, na kule Abu Dhabi wakakutana na Leinster yenye nyota wa Kilkenny, kaunti iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa Ireland kwa mwaka wa nne mfululizo. Leinster ndio walioondoka na kombe.

Dhana: Wachezaji hawa ni wa kulipwa.
Ni wa ridhaa. Wana kazi zao, na mazoezi hufanyika jioni.

Dhana: Majimbo yanafuata mpaka wa kisiasa.
Majimbo haya manne ni ya kale na hayana serikali. Ulster ina kaunti tisa: sita ziko Ireland Kaskazini, tatu ziko Jamhuri ya Ireland, na wachezaji wake huvaa jezi moja. Munster ndiyo yenye mataji mengi zaidi, zaidi ya 40. Connacht ilisubiri hadi 1947 kupata la kwanza. Ulster imefika fainali, lakini katika halingi kombe hilo haijalinyanyua hata mara moja.