Je, wajua kwa nini kupokea barua pepe kwenye seva yako, yaani kompyuta yako ya kupokea na kutuma barua, ni rahisi, ila kutuma ni shughuli?

Tuliokulia kwenye mitaa ambayo nyumba hazina namba tunalijua vizuri sanduku la posta. Wenye kisanduku chao walikuwa wachache. Sisi wengine tulitumia S.L.P. ya shule, ya kanisa, au ya ofisini kwa baba mdogo, na barua zilifika. Siku baba mdogo alipohamishiwa mkoa mwingine, kisanduku kilibaki na ofisi, barua zikaendelea kuingia humo, na hapakuwa tena na mtu wa kukufungulia.

Anwani ya barua pepe ya bure iko hivyohivyo. Kilicho baada ya alama ya @ si chako. Ray Tomlinson, mhandisi Mmarekani aliyetuma barua pepe ya kwanza ya mtandaoni mwaka 1971, aliichagua alama hiyo itenganishe mtu na mashine anakokaa. Ukiwa na anwani ya gmail.com, basi unakaa kwa Google. Gmail ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004 na kumpa kila mtu gigabaiti 1 bila malipo, wengi tulihamia huko na vyeti, risiti na picha zetu. Lakini tangu Desemba 2023 Google inaweza kuifuta akaunti ya mtu ambayo haijaguswa kwa miaka 2. Hiyo ni haki yake kama mwenye nyumba.

Ndipo watu huanza kuuliza: niendeshe seva yangu mwenyewe, au nilipie huduma ya watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku? Mimi nimefanya yote mawili. Naona watu wengi hukwama kwa sababu wanauliza maswali mawili kwa mara moja: nani mwenye jina, na nani mwenye mashine.

Jina ndilo la kwanza, na hapo sina shaka hata kidogo: nunua lako. Jina la kikoa, yaani kile kinachokaa baada ya @, husajiliwa kwa mwaka, kupitia mawakala. Tanzania tuna .tz na Kenya wana .ke, na pande zote mbili kuna tawi la watu binafsi, me.tz na me.ke, pembeni ya yale ya makampuni. Ukishalipata, unaandika mstari mmoja kwenye DNS, ile daftari ya anwani za intaneti. Mstari huo unaitwa rekodi ya MX, na unaiambia dunia nzima kwamba barua za jina hili zipelekwe kwenye mashine fulani. Leo mashine hiyo inaweza kuwa Ujerumani kwenye kampuni unayoilipa, mwezi ujao ikawa ya kwako. Shangazi anayekuandikia hatajua kilichobadilika. Anwani yake kwako ni ileile.

Sasa tuje kwenye mashine. Kompyuta mbili zinapopeana barua, zinazungumza kwa itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, iitwayo SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na mazungumzo yenyewe yanafanana sana na kupiga hodi. Anayeleta barua anagonga mlango namba 25. Mwenyeji anajibu 220, yaani karibu. Mgeni anajitaja jina. Anasema barua inatoka kwa nani. Anasema inakwenda kwa nani. Kila hatua mwenyeji anaitikia 250, sawa. Kisha mgeni anasoma barua yote, anamaliza kwa nukta moja iliyokaa peke yake kwenye mstari, mwenyeji anasema 250 kwa mara ya mwisho, na barua imebadilisha mikono.

Kuweka mashine ya kuitikia hodi si kazi ngumu. Programu za kufanya hivyo ni za bure na zimekomaa: Postfix ya Wietse Venema imekuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1990, na Dovecot, inayokuwezesha kuzisoma barua kwenye simu, tangu 2002. Mtu mwenye subira na uzoefu kidogo wa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, anaweza kupokea barua yake ya kwanza jioni ileile. Anachohitaji ni anwani ya IP, yaani namba ya mashine kwenye intaneti, iliyo ya hadharani na isiyobadilika, na hapo ndipo seva ya sebuleni huwa na shida, maana intaneti nyingi za simu huwaweka mamia ya wateja nyuma ya anwani moja. Hakuna anayeweza kukugongea mlango wewe peke yako. Wengi tunaishia kukodi seva ndogo nje, kwa dola chache kwa mwezi.

Na umeme je? Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu lake huwashangaza watu. Kwenye ile hodi, jibu la mwenyeji likianza na 4, maana yake ni “rudi baadaye”. Likianza na 5, maana yake ni “usirudi”. Mlango ukiwa umefungwa kabisa, kwa sababu umeme umekatika au mtandao haupo, mtumaji anauhesabu kama “rudi baadaye”. Anaiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena, na kanuni zinamtaka asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Kenya ilipokosa umeme karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, na nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ikawa ya shida sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, seva iliyozimika nusu siku haikupaswa kupoteza barua hata moja. Zingesubiri huko ziliko, kisha ziingie. Wahandisi wa enzi zile walijenga kwa kutarajia kwamba mashine huzimika, nami huwa nawashukuru kimoyomoyo kila ninapoiona foleni ikifunguka.

Kwa hiyo kupokea, hakuna neno. Kutuma ndiko kwenye shughuli.

Rudi kwenye ile hodi. Mgeni *anasema* barua inatoka kwa nani, na SMTP ya mwaka 1982 haikumwomba kitambulisho. Ni sawa na jina la mtumaji nyuma ya bahasha: unaweza kuandika la mkuu wa mkoa ukitaka. Ilifaa wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara wanaojuana. Matapeli walipoingia, wapokeaji walianza kujenga ukuta, tofali baada ya tofali. SPF ni orodha unayoitundika kwenye DNS ikisema mashine zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kihesabu inayobandikwa kwenye kila barua. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, inamwambia mpokeaji afanye nini barua ikikosa hivyo viwili. Juu ya hapo, anwani ya IP ikiulizwa jina lake lazima ijibu jina ambalo nalo likiulizwa linarudisha anwani ileile. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai haya kwa ukali zaidi: kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua nyingi, kwa Google zikiwa kama 5,000 au zaidi kwa siku, awe na zote pamoja na DMARC.

Hayo yote unaweza kuyaweka sawa kwa siku moja. Mimi niliyaweka. Kisichowekwa kwa siku moja ni sifa.

Wapokeaji wakubwa wanaiangalia anwani ya IP kama mwenye duka anavyomwangalia mgeni anayeomba mkopo: nani anakujua, na majirani zako ni watu gani? Zipo taasisi zinazotunza orodha za anwani mbaya, maarufu ikiwa Spamhaus, iliyoanzishwa mwaka 1998. Moja ya orodha zake inaweka pamoja anwani za intaneti za majumbani, hata ambazo hazijafanya kosa, kwa hoja kwamba nyumbani si mahali pa kutoka barua moja kwa moja. Ukihamia kwenye seva ya kukodi, unarithi sifa ya aliyekaa hapo kabla yako. Na baadhi ya wakodishaji wameufunga mlango 25 wa kutokea: kwenye mashine za kukodi za Google Cloud kwa kawaida umefungwa, Amazon wanaubana mpaka uombe kwa maandishi.

Mdogo wangu wa kike nilimfungulia anwani kwenye seva yangu wakati anaomba nafasi ya masomo. Nilifurahi sana kumpa jina la familia baada ya @. Chuo kilimwandikia, barua ikafika bila tatizo. Akajibu siku hiyohiyo. Baada ya wiki akaniuliza, “Kaka, mbona kimya?” Nikafungua kumbukumbu za seva, nikautafuta mstari wa barua yake, nikaona 250, imepokelewa. Lakini kupokelewa mlangoni si kuingia sebuleni. Barua ilikuwa imetupwa kwenye folda ya barua taka upande wa pili, kimyakimya, bila kuturudishia taarifa yoyote. Nilipochunguza nikakuta anwani za IP zilizopakana na yangu zilikuwa zimetumika kutuma matangazo ya utapeli, na mtaa mzima ukapakwa tope lao. Alipiga simu, wakaitafuta wakaiona, nafasi hakuipoteza. Ila wiki ile nzima sikulala vizuri, na nikaelewa kwamba ile seva haikuwa tena jambo langu peke yangu.

Hapo ndipo ninapoweka mstari. Ukijiendeshea barua zako mwenyewe, hatari ni yako. Ukiwawekea mama, mke au wadogo zako, umekuwa posta. Posta haisafiri wala haiugui. Programu zikitangazwa kuwa na tundu lazima mtu azisasishe siku hiyohiyo: mwaka 2019 ulipatikana udhaifu kwenye Exim, programu nyingine maarufu ya seva za barua, na washambuliaji hawakuchukua hata wiki mbili kuanza kuutumia. Ni hadithi ya zamani pia, kwani mdudu wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe na kutikisa intaneti Novemba 1988, alipitia, pamoja na njia nyingine, kwenye Sendmail, programu ya seva za barua ya enzi hizo. Na bekapu ni juu yako. Na barua pepe ndiyo ufunguo wa kila kitu kingine, maana ndiko maombi ya kubadili nywila za benki na za ofisi yanakotumwa.

Unapolipia huduma, basi, unanunua nini? Nafasi ya kuhifadhi ndiyo sehemu ndogo. Unanunua sifa ya anwani zao, watu wanaoamka usiku, na mtu wa kumwandikia mambo yakiharibika. Kampuni kama Fastmail ya Australia, iliyoanza mwaka 1999, au Proton ya Uswisi, iliyoanza na barua pepe mwaka 2014, zinaishi kwa ada ya wateja, na zote zinakuruhusu kuleta jina lako mwenyewe. Hilo la jina ndilo la kuangalia kwanza kabla hujatoa pesa. La pili ni kama unaweza kuzichukua barua zako zote na kuondoka nazo.

Faragha nayo isichukuliwe kwa pupa. Proton huhifadhi barua zikiwa zimefungwa kwa namna ambayo wao wenyewe hawawezi kuzisoma, na hilo ni jambo la maana. Lakini barua ya kawaida kutoka nje huwafikia ikiwa wazi kabla haijafungwa, na ukimwandikia mtu wa Gmail, nakala yake iko Google vyovyote iwavyo. Seva yako mwenyewe haibadilishi hilo la pili. Na ukubwa wa kampuni si kinga: Yahoo ilikiri mwaka 2017 kwamba wizi wa taarifa wa mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, bilioni 3.

Ipo njia ya katikati ambayo haizungumzwi vya kutosha. Barua zinazoingia unazipokea kwenye mashine yako, kwa kuwa huko hakuna shida, na zinazotoka unampitishia msambazaji wa kulipia mwenye sifa nzuri, azipeleke yeye. Unabaki na sanduku lako, umeazima miguu tu. Kwa anayetaka kujifunza, ningemwanzisha hapo, tena kwa jina la pili, lisilo lile ambalo benki inalijua.

Mimi nimeishia hivi: jina ni la familia, nalilipia kila mwaka na nimejiwekea ukumbusho mwezi mzima kabla halijaisha. Mashine ni ya watu wengine, nalipa dola chache kwa mwezi, na mdogo wangu anaandika kutoka chuoni bila kuniuliza kitu. Juu ya kabati la sebuleni ipo kompyuta ndogo, na kila siku saa nane usiku inavuta nakala za barua zetu zote na kuziweka kwenye diski. Umeme ukikatika, inavuta kesho yake.