Je, wajua kwa nini wawindaji wa Marekani humpigania ndege wanayemwinda?

Asubuhi ya Septemba kwenye nyika za Wyoming, magharibi mwa Marekani, si ajabu kukuta pipa limefungwa kwenye nguzo pale njia mbili za vumbi zinapokutana. Hakuna duka, hakuna nyumba, na mtandao wa simu ulishapotea zamani. Mwindaji anasimamisha pikapu yake, anatoa ndege wawili aliowapata alfajiri, anakata bawa moja la kila ndege na kulitumbukiza pipani. Kisha anapandisha mbwa wake garini na kuondoka. Hakuna askari aliyemsimamia.

Mabawa hayo hukusanywa na wataalamu wa wanyamapori wa jimbo. Msimu ukiisha huketi mezani na kuyasoma moja moja. Manyoya ya ukingoni yakiwa yamechongoka, huyo alikuwa kinda wa mwaka huu. Yakiwa na ncha ya mviringo, alikuwa mkubwa. Urefu wa bawa huonyesha kama ni dume au jike. Wakilinganisha idadi ya makinda na idadi ya majike, wanajua kama mwaka ulikuwa wa neema au wa ukame. Kwa hiyo anayemtoa ndege roho ndiye huyo huyo anayeleta takwimu za kumlinda. Na si takwimu tu. Serikali ikitaka kuachia nyika ile ichimbwe gesi au iuzwe, miongoni mwa wanaopiga kelele wa kwanza ni hao hao wenye bunduki. Kwa nini?

Tuanze na ndege mwenyewe. Kwa Kiingereza anaitwa sage-grouse. Kiswahili hakijampa jina, nasi hatukuwa na sababu ya kumpa, lakini ni wa ukoo mmoja na kwale, na kichaka kinachomlisha ni cha jenasi ya Artemisia, ndiyo hiyo hiyo ya pakanga. Wasomaji wa Biblia wanaijua pakanga kwa ile nyota ya Ufunuo iliyotia maji uchungu, na wakulima wa Arusha wanamjua ndugu yake anayetoa kiini cha dawa mseto ya malaria. Basi hapa nitamwita kwale-pakanga, na mwenye jina bora alilete.

Ni ndege mkubwa. Dume hufikia kilo 3. Kila majira ya kuchipua, kabla jua halijachomoza, madume hukusanyika kwenye uwanja mtupu katikati ya vichaka na kuanza ngoma. Mkia unafunguka kama feni ya miiba, kifua cheupe kinavimba, na vifuko viwili vya ngozi ya manjano vinachomoza na kutoa mlio kama maji yanayobubujika chupani. Majike hutembea katikati yao bila haraka, wakikagua. Mwisho wa yote dume mmoja au wawili hupata karibu majike wote, na wengine hurudi kesho kujaribu tena. Uwanja huo huo hutumika miaka nenda miaka rudi. Ukipitisha barabara au ukisimamisha mtambo wa gesi karibu, ndege hawahamii kwingine kirahisi. Huendelea kurudi, kila mwaka wachache zaidi.

Kilichomfunga zaidi ni tumbo. Ukimpasua kuku unakuta firigisi ngumu inayosaga punje. Firigisi ya kwale-pakanga ni laini, haiwezi kusaga mbegu, kwa hiyo lazima ale vitu laini. Makinda huanza na wadudu na majani mabichi ya kiangazi. Theluji ikitanda, chakula ni karibu kitu kimoja tu: majani ya kile kichaka, madogo, ya rangi ya fedha, yenye uchungu na harufu kali. Wanyama wengi yangewadhuru, lakini yeye hunenepa nayo katikati ya baridi. Wapishi wanalijua hilo pia: nyama yake ni nyeusi, na ya ndege mzee hunuka pakanga kiasi kwamba wengine hawaitaki mezani. Palipo na kichaka yupo. Kikiondoka, naye ameondoka.

Na kichaka kinaondoka. Inakadiriwa kwamba zamani ndege hawa walifika milioni 16. Leo wamebaki laki kadhaa tu, katika majimbo 11 ya Marekani na kona mbili za Kanada. Ripoti ya wanasayansi wa serikali ya mwaka 2021 ilisema idadi imeshuka kwa takriban asilimia 80 tangu 1965. Bunduki ilichangia zamani, tusifiche, maana mwanzoni mwa karne ya 20 waliwindwa ovyo hadi majimbo kadhaa yakafunga uwindaji. Lakini anguko la leo lina sababu nyingine. Kuna gugu lililotoka Ulaya na Asia katika karne ya 19, ambalo hukauka mapema kiangazi na kuwaka kama petroli. Moto ukipita, kichaka hakichipui tena kutoka kwenye shina, na nyika huhitaji miongo kadhaa kurudi, ikiwa gugu halijaitangulia. Kuna miti ya jamii ya mtarakwa inayovamia na kuwapa kunguru na tai mahali pa kutua na kuvizia. Kuna visima vya gesi, nyaya za umeme, mashamba, na waya wa seng'enge ambao ndege huyu mzito, akiruka chini chini kwenye giza la alfajiri, huugonga na kuvunjika shingo.

Sasa tufike kwenye ardhi, maana jibu limelala hapo. Mswahili akisikia "mwindaji" humjia jangili, au mgeni tajiri aliyelipia kitalu kwa maelfu ya dola. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977; Tanzania imeendelea na vitalu vyake, lakini mwananchi wa kawaida hana habari navyo. Mwindaji wa nyika za Wyoming au Idaho mara nyingi ni fundi bomba, mwalimu au dereva wa lori. Hana shamba la kuwindia wala pesa za kulikodi. Alicho nacho ni leseni aliyoinunua dukani na haki ya kuingia kwenye ardhi ya umma bila kubisha hodi kwa mtu.

Ardhi hiyo si kidogo. BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia sehemu kubwa ya nyika hizo, ina ekari karibu milioni 245, eneo linaloizidi Tanzania nzima. Karibu nusu ya makazi yaliyobaki ya kwale-pakanga yako kwenye ardhi ya idara hiyo. Lakini sheria ya mwaka 1976 inaitaka BLM iihudumie ardhi hiyo kwa matumizi mengi kwa pamoja: malisho ya ng'ombe, madini, mafuta, matembezi, wanyama. Kila mmoja anavuta upande wake, na asiye na msemaji huachwa. Ndege hasemi. Kampuni ya gesi ina mawakili. Mwindaji akinyamaza, mwaka kesho atakuta geti.

Ndiyo maana hawanyamazi. Januari 2017, mbunge Jason Chaffetz wa Utah alipeleka muswada wa kuuza ekari milioni 3.3 za ardhi ya serikali kuu. Wawindaji na wavuvi walimjia juu kwa simu, barua na maandamano. Siku chache baadaye alitangaza kwenye Instagram kwamba anauondoa, kwa picha yake mwenyewe akiwa amevaa kiwindaji na kumkumbatia mbwa. Kwangu mimi picha ile inaeleza siasa ya huko kuliko hotuba kumi: alijua ni akina nani aliowaudhi, akavaa nguo zao kuomba yaishe. Mwaka 2025 seneta Mike Lee, naye wa Utah, alijaribu tena kupitia muswada wa bajeti. Kelele zilikuwa zile zile, na mwishoni mwa Juni kipengele kikatolewa.

Pesa nayo inawapa sauti. Tangu 1937 kuna sheria inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili, Pittman na Robertson, inayotoza kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na asilimia 10 kwenye bastola. Fedha hizo hazimezwi na hazina. Hugawiwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori, na jimbo linalotumia ada za leseni za uwindaji kwa kazi nyingine hupoteza mgao wake. Mwaka 2022 na 2023 mgao ulivuka dola bilioni 1 kwa mwaka. Hapa nipunguze sifa kidogo: sehemu kubwa ya bunduki zinazouzwa leo hununuliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga pori. Hata hivyo wawindaji ndio wanaoijua kodi hiyo kwa jina, na ndio wanaoitaja mikutanoni.

Wala si mapenzi matupu. Ndege akiingizwa kwenye orodha ya serikali ya viumbe walio hatarini, uwindaji wake kwa kawaida hufungwa na masharti huwaangukia wote, mfugaji na mchimbaji wakiwemo. Mwaka 2010 serikali ilikiri kwamba kwale-pakanga anastahili kuorodheshwa, ila foleni ilikuwa ndefu. Hofu hiyo iliwakutanisha watu wasiopikika chungu kimoja: wafugaji, magavana, wanaharakati wa mazingira na wawindaji. Wengine walikata miti vamizi, wengine wakafunga vibandiko vyeupe kwenye seng'enge ili ndege aione. Septemba 2015 serikali ikatangaza kwamba hakuna haja tena ya kumwingiza kwenye orodha, kwa sababu mipango mipya ya ardhi ilikuwa imewekewa masharti ya kumlinda. Rais alipobadilika, mipango ikalegezwa mwaka 2019. Mwaka huo huo jaji wa Idaho akaizuia ile legevu. Tangu hapo imekuwa vuta nikuvute.

Linabaki swali ambalo msomaji ameshaliuliza kimoyomoyo: kama wanampenda hivyo, si waache kumpiga? Wapo wawindaji wanaosema hivyo hivyo, na wapo walioweka bunduki chini kwa ndege huyu. Majimbo nayo yamebana: Wyoming ni ndege wawili kwa siku katika msimu mfupi, Oregon ni kwa vibali vya bahati nasibu. Lakini jimbo la Washington lilifunga uwindaji huo mwaka 1988, na ndege wakaendelea kupungua, kwa kuwa mashamba na moto havikungoja leseni. North Dakota ilifunga mwaka 2008. Bunduki zilinyamaza, kichaka hakikurudi, na miaka tisa baadaye wataalamu walikuwa wanawabeba kwale-pakanga hai kutoka Wyoming, ambako bado wanawindwa, kwenda kuwaachia huko.