Kebo imeshika, taa inawaka: mbona InfiniBand haipitishi data?

Ukiandika amri ya ibstat kwenye seva ya Linux yenye kadi ya InfiniBand, aina ya mtandao wa kasi wa kuunganisha seva, utapata hali ya kila poti papo hapo. Seva ikiwa ndiyo kwanza imeunganishwa, si ajabu kukuta mistari kama hii:

State: Initializing
Physical state: LinkUp
Rate: 100
Base lid: 65535
SM lid: 0

Aliyezoea Ethernet hulisoma neno LinkUp na kuridhika: kebo imeshika, basi mtandao upo. Data ikigoma kupita, anaanza kubadilisha kebo, na kebo hizi si za bei ya kuchezea. Ya pili ikitoa majibu yale yale, lawama inahamia kwenye kadi. Kumbe kebo nzima na kadi nzima. Physical state inazungumzia umeme au mwanga tu, yaani ncha mbili za waya zimesikilizana. Kama poti ina ruhusa ya kubeba data, hilo limeandikwa mstari wa juu yake, kwenye State, na hapa poti bado inasubiri.

Inamsubiri nani? InfiniBand ilitokana na miradi miwili iliyokuwa ikishindana, Future I/O na NGIO, ikaunganishwa mwaka 1999. Wabunifu wake waliamua jambo ambalo Ethernet haina: swichi hazijifunzi njia zenyewe. Kadi hutoka kiwandani na namba yake ndefu, GUID, ila ndani ya sabneti, yaani eneo moja la mtandao, swichi hazielekezi pakiti (vifurushi vya data) kwa namba hiyo. Zinatumia namba fupi iitwayo LID, kuanzia 1 hadi 49151, na hakuna kadi inayojipa LID. Anayezigawa ni meneja wa sabneti, programu kama opensm, inayokaa kwenye seva yoyote au ndani ya baadhi ya swichi. Asipokuwepo, hata seva mbili zilizounganishwa moja kwa moja kwa kebo moja zitabaki zinatazamana tu.

Fikiria mtaa mpya uliopimwa viwanja. Lami imepita, taa za barabarani zinawaka, watu wamehamia, lakini nyumba hazina namba na njia panda hazina vibao. Bodaboda mwenye mzigo hana pa kuupeleka, na kuchimba lami upya hakutamsaidia. Anatakiwa afisa wa kuzunguka mtaa mzima, kugonga namba kwenye kila mlango, kisha kuweka vibao kila njia panda: namba 12 kulia, namba 30 kushoto. Base lid ndiyo namba ya mlangoni kwako. 65535 haimo kabisa kwenye safu ya LID za poti, maana yake hujapewa. SM lid ni anwani ya ofisi ya afisa mwenyewe.

Sasa, afisa anafikaje kwenye nyumba isiyo na namba? Kwa kuelekezwa kama tunavyoelekezana sote: toka geti la kwanza, ukifika njia panda shika njia ya tano. Pakiti za meneja hubeba maelekezo ya namna hiyo, poti kwa poti, na zina njia yao ya pekee iliyo wazi tangu Initializing, data ya kawaida ikiwa bado imezuiwa. Akimaliza, poti inapita Armed, kisha Active, yaani sasa ina ruhusa ya kubeba data.

Hata hivyo, Initializing peke yake haithibitishi kwamba meneja hayupo. Huenda yupo ila amekwama katikati ya kazi, na hapo logi ya opensm, yaani kumbukumbu ya matukio yake, ndiyo ya kuulizwa.

Active nayo ina vituko vyake. Meneja akizimika ghafla, mtandao haufi: namba na vibao vinabaki, data inaendelea kupita, na ibstat itaendelea kuonyesha SM lid kana kwamba afisa yuko ofisini. Wanaoumia ni seva inayowashwa upya, ambayo itagota kwenye Initializing, na programu zinazohitaji kumuuliza meneja njia kabla ya kufungua mawasiliano mapya. Kumhakiki, andika amri ya sminfo mara mbili. Majibu yake yana hesabu iitwayo activity count, na ikiwa imepanda kati ya usomaji wa kwanza na wa pili, meneja anafanya kazi.

Halafu itazame Rate. Kebo ya kawaida ina njia nne ndani yake. Njia tatu zikishindwa kushika, poti ya gigabiti 100 kwa sekunde inaweza kusimama kwa 25, huku State ikisema Active bila aibu. Amri ya ibstatus huiweka wazi zaidi, kwa kuandika 1X (njia moja) pale ulipotarajia 4X (njia nne). Hapo sasa ndipo pa kuchomoa kebo, kupangusa ncha zake na kuirudisha mpaka ilie kiki.