Kabla hujapanda ndege ya Dubai au Guangzhou, hebu fungua hilo begi

Habarini ndugu zangu. Mi kazi yangu ni dawati la huduma za kikonsula, yaani lile dawati ambalo Mtanzania akipata tatizo nje ndo simu inapigwa, na mara nyingi inapigwa saa 8 usiku na anaepiga wala sio yeye, ni mama yake au mdogo wake analia. Leo nimepewa nafasi niandike elimu kwa umma kuhusu usalama wa safari, na nimeamua nisiandike zile za kila siku za shika pochi yako usiongee na usiowajua, sababu kule wafanyabiashara wetu wanakoenda sana kufuata mzigo, Dubai na Guangzhou, hatari kubwa sio vibaka. Dubai unaweza kusahau simu mezani kwenye mgahawa pale Deira ukarudi baada ya lisaa ukaikuta. Hatari ni sheria. Mtu anatoka Kariakoo na tabia zake za Kariakoo, hana nia mbaya kabisa, anafanya kitu ambacho hapa hata mjumbe hawezi kukuuliza, kule inafunguliwa kesi.

Tuanze na mzigo wa mtu, maana hapa ndo watu wanapotelea. Picha iko hivi: uko Terminal 3 pale Julius Nyerere, umeshapima begi zimebaki kilo 6, anatokea mtu, labda ni rafiki wa rafiki au mlikutana kwenye grupu la wanaouza kilo, yaani wanaouziana nafasi iliyobaki kwenye begi, anakuja anahema kama aliekimbizwa, ana kifurushi kimezungushiwa selotepu mpaka kimekuwa kama mpira, anakwambia dada angu ni viatu tu vya mdogo wangu na dagaa kidogo, kuna mtu atakupokea ukifika, na hapo hapo anakusogezea laki moja. Foleni inasogea, una haraka, unaona aibu kufungua mzigo wa mtu mbele za watu. Unaingiza. Dakika 2 baadae mhudumu wa kaunta anakuuliza, begi umepaki mwenyewe? Unajibu ndio. Basi kuanzia hapo kila kilichomo ni chako, ile stika ya mzigo ina jina lako, na ukishikwa kule "nilipewa na mtu" ni maneno ambayo wapelelezi wa dunia nzima wameyasikia hadi wameyachoka. Alieleta kifurushi muda huo yuko bodaboda anarudi mjini, na laini aliyokupigia imeshazimwa.

Na usidhani unga, yaani madawa ya kulevya, unawekwa juu juu ukifungua tu uuone. Unawekwa kwenye soli ya kiatu, kwenye bitana ya begi jipya, kwenye kopo la chakula lililofungwa upya vizuri kabisa.

Mwaka 2013 Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa kesi za madawa waliandika barua kwa mikono yao wakiwaonya vijana wa huku wasikubali kuwa punda, yaani wa kubebeshwa madawa, na padri mmoja Mkatoliki kutoka Australia anaehudumia wafungwa kule, John Wotherspoon, akazisambaza mtandaoni. Hao waliandika wakiwa ndani tayari. China bara ndo mbaya zaidi, sheria yao ya jinai kifungu cha 347 inasema anaesafirisha heroini au meth kuanzia gramu 50 ni miaka 15, au maisha, au hukumu ya kifo. Gramu 50 jamani! Chukua vijiko vinne vya chakula vya sukari, ndo hiyo hiyo. Na chini ya hapo sio kwamba unaachiwa, bado ni jela.

Mi mwenyewe nilishaletewa. Nilikuwa naenda Dubai kikazi, mama mkwe akaja na kopo la samli ya kijijini nimpelekee shemeji yangu anaefanya kazi Sharjah. Mama mkwe ni mama mkwe, unamwambiaje? Nikapokea kwa mikono miwili nikamshukuru, afu nikaenda jikoni nikachukua kijiko kile kirefu cha kupakulia nikazamisha kwenye samli mpaka nikasikia kinagonga chini, nikazungusha taratibu. Nageuka, huyu hapa mlangoni ananiangalia. Hakukuwa na kitu zaidi ya samli, na nzuri kweli. Hakusema neno, ila Idi iliyofuata sikuona sahani kutoka kwake. Sasa kama mimi nimezamisha kijiko kwenye samli ya mama mkwe wangu, wewe kifurushi cha mtu uliemjua juzi kwenye grupu unaogopa nini kufungua? Akikataa usifungue, jibu umeshalipata, akatafute kampuni za kusafirisha vifurushi ziko tele.

Begi hilo hilo lina kingine ambacho watu hawakifikirii, dawa. Dawa za kawaida kabisa za hospitali. Sisi tuna tabia ya kubeba vidonge bila boksi, unakata pakti unafunga na mpira unatia kwenye pochi pamoja na hirizi, sijui na karafuu. Umoja wa Falme za Kiarabu, yaani Emarati, nchi ya hiyo Dubai, tramado (dawa ya maumivu), kodeini (iko kwenye baadhi ya dawa za kikohozi), diazepamu na pregabalini ni dawa zinazodhibitiwa. Ukiwa nazo bila kibali unaingia kwenye sheria ile ile ya madawa ya kulevya. Wazee wetu wengi wa mgongo na miguu inayowaka moto wanatumia hizo hizo. Suluhisho lipo wala sio gumu: unaomba kibali kabla ya safari kwenye tovuti ya mamlaka ya kule inayosimamia dawa, unaambatanisha cheti cha daktari, dawa inabaki kwenye boksi lake lenye jina, na unabeba za kukutosha wewe. Sio za jirani.

Narudia, sio za jirani, sababu mwaka 2017 kuna dada wa Kiingereza, mfanyakazi wa duka tu, alikamatwa Hurghada kule Misri na vidonge 290 vya tramado, akasema amempelekea mpenzi wake anaeumwa mgongo. Alihukumiwa miaka 3 na aliachiwa mwanzoni mwa 2019. Huyo ni Muingereza, magazeti yote ya kwao yalipiga kelele, bado alikaa ndani zaidi ya mwaka.

Na bangi usiniulize. Mwaka 2008 Muingereza mwingine alihukumiwa Dubai miaka 4 kwa chembe ya gramu 0.003 iliyonata kwenye soli ya kiatu chake, baadae alisamehewa. Toka 2022 sheria yao imelegezwa kidogo kwa anaekutwa mara ya kwanza, lakini usiende kujipima nayo. Ndugu zetu wa Kenya nao wasikilize hapa, miraa kwao ni zao halali, mtu anatafuna barazani mchana kweupe, ila ukivuka tu kuja Tanzania ni dawa ya kulevya, Emarati pia, China pia, na Uingereza walipiga marufuku toka Juni 2014. Kijiti kimoja umesahau kwenye mfuko wa koti, ndo safari imeishia hapo. Na sio madawa tu, ile bangili ya bibi ya pembe za ndovu nayo iache nyumbani.

Haya, simu. Hii nadhani ndo inawashangaza watu kuliko zote. Emarati wana sheria ya makosa ya mtandao ilioanza kazi Januari 2022, na kumtukana mtu kwa ujumbe, hata ule wa wasapu wa watu wawili tu, ni kosa lenye kifungo, au faini kuanzia dirham 250,000 mpaka 500,000, au vyote viwili. Hiyo ya chini tu ni kama dola 68,000, konteina zima la mzigo na nauli yake. Sasa tufikirie, mtu amegombana na agenti wa mzigo kuhusu kilo, mzigo umechelewa wiki, hasira zimepanda, anabonyeza kile kimaiki anamwaga sauti ya dakika nzima ya matusi ya Manzese. Bongo hiyo ni Jumanne ya kawaida. Kule agenti anachukua simu anaenda nayo polisi, ushahidi umejirekodi mwenyewe. Ukikasirika kule, zima data, kanunue chai.

Kupiga picha nako hivyo hivyo. Umpige mtu picha bila ridhaa yake na hasa uirushe, ni kesi ya kuingilia faragha, akina dada wanaopenda kwenda laivu sokoni kuwaonyesha wateja bidhaa angalieni nani yuko nyuma yenu, hasa wanawake na familia. Majengo ya serikali, ya jeshi, eapoti, usinyanyue simu kabisa. Na hii yetu ya michango! Kule kuchangisha pesa kwa umma ni kazi ya taasisi zenye kibali tu, kwa hiyo ukipata msiba au mwenzenu akiumwa msikimbilie kutengeneza bango lenye namba na kulitupa mtandaoni, pitieni kwanza ubalozi mdogo pale Dubai muulize njia halali.

Vingine navipitia haraka haraka. Bablishi au kula ndani ya metro Dubai dirham 100, mwanaume kuingia behewa la wanawake na watoto 100, kuvuka barabara pasipo na kivuko kuanzia 400. Viza ikiisha kila siku ni dirham 50 na zinahesabika zenyewe mpaka siku unatoka. Pombe, Dubai inauzwa kwenye sehemu zenye leseni, lakini Sharjah ni marufuku kabisa, na wengi wenu mnalala Sharjah kwa sababu vyumba ni rahisi, kwa hiyo zile chupa mnazonunua Dubai mnarudi nazo kwenye teksi jioni, mmh, mimi simo. Na kama unaenda kwa viza ya matembezi afu kuna mtu amekuahidi kazi, anasema utabadilisha ukifika, jua kwamba siku ya kwanza unayofanya kazi na viza hiyo wewe ndo mwenye kosa.

Guangzhou iko tofauti kidogo. Pale ukilala hoteli wanakuandikisha wenyewe polisi, ila ukifikia kwa rafiki kwenye apatimenti yake Xiaobei au kokote, una masaa 24 uende na mwenyeji wako kituo cha polisi mkajiandikishe. Watu hawaendi. Huku kwetu unakaa kwa shangazi wiki 3 anaekuuliza unaondoka lini ni shangazi mwenyewe, basi wanadhani na kule hivyo hivyo, polisi wakipita kukagua wanakuta mgeni hana karatasi. Faini yake sio kubwa saana, inafika yuani 2,000, tatizo ni kwamba ukishaanza kukaguliwa wanakagua na vingine. Viza iliyoisha kule ni yuani 500 kwa siku mpaka 10,000, au wanakuweka ndani siku 5 hadi 15. Pasipoti yenyewe tembea nayo mwilini, sheria inakutaka uwe nayo. Na wasapu haifanyi kazi kwenye intaneti ya kawaida ya China, kwa hiyo ukisema nikipata shida ntawatext, utawatext wapi?

Pesa taslimu sasa. Kutoka Bongo ukiwa na dola 10,000 au zaidi unajaza fomu ya forodha, Emarati zaidi ya dirham 60,000 unatangaza, China ukiingia na zaidi ya dola 5,000 unatangaza. Wafanyabiashara wanaficha, wanazigawa kwenye soksi na sidiria, sababu wanadhani kutangaza ni kukatwa kodi. Sio kodi. Ni karatasi tu unajaza unapigiwa mhuri unaenda zako, na hiyo karatasi ndo inakulinda ukiulizwa hela umetoa wapi. Zilizofichwa wakizikuta ndo zinashikiliwa.

Sasa ikitokea umeshikwa. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonsula, kifungu cha 36, unasema ukikamatwa nchi ya watu una haki ubalozi wako ujulishwe bila kuchelewa, lakini ni UKIOMBA. Wengi hawaombi. Wengine wanaona aibu, au wanaogopa serikali ya nyumbani itajua, na wengine hawakujua kabisa kama kuna kitu kama hicho, sisi tunakuja kusikia baada ya miezi na kesi imeshasomwa. Sema neno embassy, Tanzania, rudia hata mara 10. Usisaini karatasi ya Kiarabu au Kichina usiyoisoma, omba mkalimani, na usimsogezee askari noti, kule hiyo inakuwa kesi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Niwe mkweli pia kuhusu sisi tunachoweza. Tutakuja kukuona, tutawaambia ndugu zako, tutakupa majina ya mawakili, tutafuatilia kama unatendewa sawa na wengine, pasipoti ikipotea tutakupa hati ya dharura ya kurudia. Hatuwezi kukutoa. Hatulipi faini, hatulipi wakili, na hatuwezi kumpigia hakimu simu. Ndugu wakiambiwa hivi wanakasirika sana, nimeshatukanwa mara nyingi tu, na kwa bahati walikuwa wananitukania Dar.

Kabla hujatoka nyumbani chukua kipande cha karatasi, sio simu, simu ndo kitu cha kwanza wanachokunyang'anya. Andika namba ya ubalozi wa Tanzania kwenye nchi unayoenda, namba ya mtu mmoja wa nyumbani anaepokea simu usiku, jina la hoteli kwa maandishi ya kule kule maana dereva wa Guangzhou hasomi herufi zetu, na namba za polisi, Emarati 999, China 110. Kunja tia ndani ya jalada la pasipoti au mfuko mdogo wa suruali. Ya kwangu nimeandika kwa bolpeni ya bluu, imeshafuliwa na suruali mara 2 na bado inasomeka.